Vitabu 41 vya Discworld: uanzie kipi?

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alishuka kwenye Coaster ya Moshi siku ya pili ya likizo, akafika kwangu Sakina, na kabla hajanywa hata chai alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kabati la vitabu.

"Shangazi, hivi vyote ni vya mtu mmoja?"

"Vya mtu mmoja, mwanangu."

"Sasa mtu anaanzia wapi?"

Wiki hiyohiyo rafiki yangu mwongoza watalii alinipigia simu akiwa Karatu, wageni wake wamelala, akauliza vilevile. Niliwapa vitabu viwili tofauti na kila mmoja alikimaliza chake. Jibu linategemea anayeuliza, kwa hiyo naweka hapa yote ninayoyajua, uchague mwenyewe.

Discworld ni mfululizo wa riwaya 41 za Terry Pratchett, Mwingereza aliyeanza kazi gazetini akiwa kijana, akawa msemaji wa shirika la umeme, kisha akaacha ajira akaishi kwa kalamu. Riwaya ya kwanza ilitoka 1983. Ya mwisho ilitoka 2015, mwaka aliofariki. Zote zinatokea kwenye dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na tembo wanne waliosimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Humo mna majoka, mbilikimo na chuo kikuu cha uchawi, lakini ukishazama unakuta mwandishi anazungumzia posta, polisi, benki, magazeti, dini, na viatu vya maskini. Vinachekesha kwelikweli. Na chini ya kicheko kuna mtu aliyeumizwa na uonevu, ndiyo maana mimi navirudia kila mwaka.

Kinachowatisha watu ni ile namba 41. Wanadhani ni kama tamthilia ya Kituruki kwenye runinga, kwamba ukikosa sehemu za mwanzo hutaelewa za mbele. Sivyo. Ni kama kuolewa kwenye ukoo mkubwa. Ukifika kwa wakwe Marangu hakuna anayekukalisha chini akuanzishie na babu wa babu. Unakutana na wifi mmoja jikoni, yeye anakuonyesha mjomba aliyekaa kule migombani, na kufikia Krismasi ya tatu unajua nani hasemezani na nani na waligombania nini. Riwaya hizi nazo zina matawi: wanawake wa milimani wanaojua uganga, askari wa jiji, Kifo na jamaa zake, mchawi mwoga aitwaye Rincewind, binti mchunga kondoo aitwaye Tiffany, tapeli mmoja aliyepewa cheo, na chache zisizo na tawi. Kila tawi lina mlango wake.

Nimevipima vitabu sita kwa maswali manne. Kwanza, hadithi yenyewe inahusu nini na inachekesha kwa namna gani. Pili, Kiingereza chake, maana ndiyo lugha tunayovisomea na Pratchett anapenda kuchezea maneno. Aliyesoma shule ya kata na aliyesoma English medium huenda wasianzie mahali pamoja, na hilo halihusiani na akili ya mtu. Tatu, kama kinajitosheleza, yaani ukikifunga huachwi njiani. Nne, kinakupeleka wapi baadaye.

Bei sikuipima, kwa sababu hapa Arusha na Moshi mtu anasoma anachokipata: kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kwenye rafu ya hosteli ambako wageni huacha vitabu, au kwenye simu. Nakala za zamani utazitambua kwa majalada ya Josh Kirby, picha zilizojaa watu na rangi hadi pembeni. Ujue pia kwamba riwaya zake nyingi hazina sura. Ukisomea kwenye gari, simama pale palipoachwa nafasi kati ya aya. Na kuna tanbihi nyingi. Usiziruke, kwa maana utani wake mzuri mara nyingi ameuficha humo. Kwenye simu inabidi ubonyeze nyota ndogo kuziona, na ukizembea unazikuta zote zimerundikana mwisho wa kitabu.

THE COLOUR OF MAGIC (1983)

Hiki ndicho cha kwanza kuandikwa, na ndicho nilichompa yule rafiki yangu wa Karatu. Katika jiji la Ankh-Morpork, jiji chafu lenye wezi wenye chama chao halali, anashuka mgeni wa aina ambayo hawajawahi kuiona: mtalii. Anaitwa Twoflower. Ana sanduku la mizigo linalotembea lenyewe kwa miguu midogo mingi, ana kisanduku cha kupigia picha ambacho ndani yake mna kijishetani kinachochora haraka, na analipa kwa dhahabu bila kujua thamani yake, kwa kuwa kwao dhahabu ni kitu cha kawaida. Rincewind, aliyeshindwa masomo ya uchawi, anajikuta ndiye mwongozaji wake. Mtawala wa jiji anamwita na kumweleza kwa upole wa kutisha kwamba mgeni huyo lazima arudi kwao salama.

Rafiki yangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa amefika hapo. Alisema ameongoza wageni miaka kumi na moja na hajawahi kukuta mahali palipoandikwa ule mzigo wa kumlinda mtu anayetabasamu huku akielekea kwenye hatari. Kwa mtu wa kazi hiyo, kitabu hiki kinampata penyewe.

Kwa wengine kina ugumu. Utani wake mwingi unazichezea riwaya za zamani za Kizungu za mapanga na uchawi, na kama hukuzisoma, utahisi watu wanacheka wewe hujui wanacheka nini. Kiingereza ni cha wastani, ila sentensi zimebeba mapambo. Tena hakijitoshelezi: kinakwisha mtu akiwa anaanguka, na inabidi uchukue The Light Fantastic cha 1986 ili ujue kilichompata. Vihesabu viwili kama kimoja. Baadaye Rincewind anaendelea na mbio zake katika Sourcery na vingine. Kinamfaa mtu asiyeweza kulala kama hajaanza na namba moja, mpenda safari, na kila anayekula kwa kazi ya utalii. Jua tu kwamba mwandishi alikuwa bado anajifunza dunia yake mwenyewe, na vile vinavyokuja baadaye vina uzito zaidi.

MORT (1987)

Baba mmoja mkulima ana kijana mrefu, asiye na mpango, mwenye maswali mengi. Anampeleka kwenye mnada wa ajira, ambako vijana husimama uwanjani na mafundi huja kuchagua wa kuwafundisha kazi. Wenzake wanachukuliwa mmoja baada ya mwingine. Usiku wa manane unakaribia, amebaki peke yake. Ndipo anakuja mwajiri wa mwisho juu ya farasi mweupe: Kifo mwenyewe, mifupa mitupu ndani ya joho jeusi.

Na kazi ya kwanza anayompa kijana haihusu roho za watu hata kidogo. Ni kuzoa samadi bandani. Kila aliyewahi kuwa saidia fundi anaijua siku hiyo.

Sisi tuna Ziraili katika masimulizi, na wazee humtaja kwa sauti ya chini. Kifo wa Pratchett ni mwingine. Maneno yake yamechapwa kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu. Anapenda paka. Anawatazama binadamu kwa mshangao, akijaribu kuelewa kwa nini wanacheza muziki, kwa nini wanavua samaki, na katika kitabu hiki anafikia kuacha kazi kwa muda akaenda kupika kwenye hoteli ya mjini. Wakati huo kijana aliyemwachia kazi anashindwa kumwacha binti mfalme afe kama ilivyoandikwa, na ulimwengu unakataa kukubali kosa hilo.

Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha vitabu vingi humu, na mazungumzo ni mafupi. Kinajitosheleza kabisa. Udhaifu wake naona ni mapenzi ya mwishoni, yanayokuja haraka kana kwamba mwandishi amekumbuka kwamba yanatakiwa. Ukikipenda, tawi lake ni refu: Reaper Man, Soul Music, Hogfather, Thief of Time. Nimewahi kumpa mwenzangu baada ya arobaini ya mama yake, akasema kimempumzisha. Mwingine alikirudisha baada ya kurasa ishirini, msiba ulikuwa bado mbichi. Kinamfaa anayetaka hadithi moja kamili kwa wiki moja, kijana anayetafuta au anayeanza kazi, na mtu anayetaka kuonja bila kujifunga.

GUARDS! GUARDS! (1989)

Ankh-Morpork ina askari wa doria ya usiku, nao wamebaki watatu, wakiongozwa na Sam Vimes, kapteni mlevi aliyekata tamaa. Wanapiga kengele na kutangaza kwamba hali ni shwari, wakihakikisha kwanza hawajapita mahali ambapo si shwari. Kisha anakuja Carrot, kijana wa futi sita na inchi sita aliyelelewa na mbilikimo, anayeziamini sheria zote jinsi zilivyoandikwa na anataka kuzitekeleza. Na kikundi cha siri kinaita joka.

Mwandishi amekitolea kitabu hiki kwa wale walinzi ambao katika hadithi nyingine hukimbilia chumbani mmoja mmoja ili shujaa awamalize, na hakuna anayewauliza kama walitaka. Nimeishi mitaa yenye sungusungu, nimewaona vijana wakizunguka na tochi na filimbi usiku wa baridi ya Julai. Najua kwa nini kitabu hiki kinapendwa.

Tawi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na sababu yake iko katika kitabu chake cha pili, Men at Arms cha 1993, ambako Vimes anapiga hesabu ya viatu. Mshahara wake ni dola 38 kwa mwezi. Buti nzuri za ngozi ni dola 50. Buti za kawaida, zinazofaa msimu mmoja au miwili kisha zinavuja kama ungo, ni dola 10. Mwenye uwezo wa kutoa 50 kwa mara moja anazivaa miaka kumi. Maskini, katika miaka hiyohiyo kumi, anakuwa ametoa dola 100 kwa buti za bei rahisi, na miguu yake bado imelowa.

Ukurasa huo niliusoma wakati wa masika, nimekaa kwenye benchi la fundi viatu karibu na soko la Kilombero, nikisubiri ashone soli ya pea moja kwa mara ya tatu. Mvua ilikuwa inapiga turubai. Fundi alikuwa anachonga kipande cha tairi kwa kisu kilichoisha makali, anakilowesha maji ili kisu kipite. Nikamtafsiria hesabu ile yote. Alinyamaza mpaka akamaliza kukata, akapuliza vumbi la mpira, akasema, "Sasa dada, unafikiri kwa nini Mmasai anavaa katambuga?" Akaendelea kushona. Kitabu kinachoweza kusomwa hivyo, kutoka Uingereza mpaka kwenye benchi la Kilombero bila kupotea njiani, mimi nakiheshimu.

Kiingereza cha Guards! Guards! ni cha wastani kuelekea kigumu. Kuna watu wengi wa kuwakumbuka katika kurasa hamsini za mwanzo, na mikutano ya kile kikundi cha siri ina utani wa maneno unaohitaji utulivu. Kinajitosheleza, ila watu wake wanaendelea na kukua: Vimes wa kitabu cha kwanza na Vimes wa Night Watch, 2002, ni kama kumwona mtu akiwa kwenye shimo kisha ukamwona amejenga. Kinamfaa anayependa habari za upelelezi, anayefuatilia siasa na utawala, na anayetaka tawi refu la kuishi nalo mwaka mzima.

SMALL GODS (1992)

Mungu mkubwa Om anarudi duniani akitarajia kuwa fahali, anajikuta kobe. Ana waumini kwa maelfu, ana makuhani, ana hekalu, lakini anayemwamini kwa kweli amebaki mmoja tu: Brutha, kijana wa bustanini, asiyejua kusoma, asiyesahau kitu chochote. Wengine wote wanaiogopa taasisi. Na anayeifanya iogopwe ni Vorbis, mkuu wa mahakama ya dini, mtu mkimya ambaye tunamwona mapema akimgeuza kobe chali juani na kumwekea vijiwe asiweze kujigeuza, ili aangalie tu.

Mimi ni msharika wa Kilutheri na nilikisoma nikiwa na wasiwasi. Nilichokikuta ni kitabu kinachouliza swali ambalo hata mimbarini linaulizwa: unamwamini Mungu, au unaogopa watu watasema nini? Anayetaka kuona dini ikidhihakiwa hataridhika nacho, na anayetaka isiguswe kabisa hataridhika pia. Kuna kurasa za mateso ambazo si za mtoto.

Kiingereza ni cha wastani, ingawa sehemu ya wanafalsafa wa mji wa Ephebe ina utani wa Wagiriki wa kale, na aliyewahi kusikia habari za Galileo atafaidi zaidi. Kinajitosheleza kuliko vyote sita: hakina kitabu kinachokifuata, na hakidai ujue lolote. Hilo ndilo zuri lake na ndilo pungufu lake, kwani ukimpenda Brutha hutampata tena. Kinamfaa mtu mzima anayependa kufikiri, mwanafunzi wa theolojia au falsafa, na kikundi cha kusoma pamoja, kwa sababu mabishano yake hayaishi kwa kikombe kimoja cha chai.

THE WEE FREE MEN (2003)

Hiki ndicho alichopewa mpwa wangu. Tiffany Aching ana miaka tisa, anaishi kwenye nchi ya malisho ya kondoo, na ni fundi wa kutengeneza jibini. Mtoni linatokea zimwi lenye macho makubwa kama sahani za supu, kama linavyoelezwa kwenye kitabu cha hadithi. Tiffany anarudi nyumbani, anapima sahani ya supu, anapata inchi nane. Kisha anachukua kikaango, anamweka mdogo wake kama chambo, na linapotokea tena analipiga. Baadaye Malkia wa jamii ya majini anamwiba mdogo huyo, na Tiffany anamfuata akiwa na kikaango chake na jeshi la vijitu vya bluu vya inchi sita vinavyopenda ugomvi, pombe na wizi, na visivyoogopa chochote isipokuwa mawakili.

Lazima niseme kuhusu neno witch, maana ndicho Tiffany anachotaka kuwa. Hawa tunaowaita wachawi kwa kukosa neno jingine si wachawi kwa maana yetu. Wanazalisha, wanaosha maiti, wanakesha na wagonjwa, wanaamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kichwani mwangu nawaita waganga, na kitabu kinasomeka vizuri zaidi.

Na humo kuna Mrs Snapperly. Alikuwa kikongwe asiye na meno, aliyeishi peke yake na kusema peke yake. Mtoto wa mkuu wa eneo alipopotea, watu waliamua ni yeye. Walimfukuza nyumbani, wakamuua paka wake, na kikongwe akafa kwenye baridi. Pratchett halifanyi jambo hilo kuwa utani. Sisi tunaotoka nchi ambayo vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini, hatuhitaji kufafanuliwa. Mpwa wangu alikuja jikoni ameshikilia ukurasa kwa kidole. Nilikuwa namenya ndizi za mtori.

"Shangazi, huyu bibi hakufanya kitu, si ndiyo?"

"Hakufanya kitu."

"Na hakuna aliyeadhibiwa?"

Nikamwambia asome mbele aone Tiffany aliamua nini. Akageuza ndoo, akakaa papo hapo, na mtori ulichelewa kwa sababu na mimi niliacha kisu nikawa namtazama akisoma.

Kuna jambo jingine dogo kwa wafugaji. Mchungaji wa kondoo wa nchi hiyo anapozikwa, sanda yake inabandikwa kishada cha sufu ili huko aendako ajulikane kazi yake, asamehewe ibada alizokosa wakati kondoo wanazaa. Nimemsimulia mzee mmoja wa Monduli, akatikisa kichwa muda mrefu.

Kiingereza cha masimulizi ni chepesi kuliko vyote sita, na kitabu kina sura, maana kiliandikwa kwa ajili ya vijana. Lakini vile vijitu vinaongea kwa lafudhi ya Kiskoti iliyoandikwa kama inavyotamkwa, na hapo wengi hukwama. Dawa ni kuyasoma maneno yao kwa sauti, ukiyasikia unayaelewa. Kinajitosheleza. Vinafuata vinne, na Tiffany anakua pamoja na msomaji, hadi The Shepherd's Crown ambacho ndicho cha mwisho cha mfululizo mzima. Kinamfaa kijana kuanzia miaka kumi hivi mwenye Kiingereza cha kutosha, mzazi anayesoma na mwanawe, na mtu mzima aliyelelewa na bibi.

GOING POSTAL (2004)

Moist von Lipwig ni tapeli aliyehukumiwa kunyongwa. Anaamka amekaa mbele ya mtawala, ambaye anampa chaguo: afufue Posta iliyokufa, au atoke kwa mlango ule pale. Nje ya mlango ni shimo refu. Posta ina barua zisizofikishwa zilizojaa vyumba mpaka darini. Mshindani wake ni kampuni ya minara inayotuma ujumbe kwa taa kutoka kilima hadi kilima, iliyonyang'anywa waanzilishi wake kwa ujanja wa mahesabu na sasa inaua wafanyakazi kwa kutosimamisha mitambo ili ifanyiwe matengenezo.

Kwetu barua hazikuzoea kugonga mlango. Tunazifuata wenyewe, na kila nikipita Posta ya Mnara wa Saa nikiona mtu anafungua kisanduku chake namkumbuka Moist. Anabuni stempu, na watu wanaanza kuzitumia kama hela, kama tulivyokuwa tunatumiana vocha kabla ya pesa kuingia kwenye simu. Lakini kilichonishika mimi ni mafundi wa minara. Mwenzao akifa, jina lake wanalirudisha kwenye mkondo wa ujumbe, liende hadi mwisho wa njia na kurudi, lisikome. Pratchett alipofariki, wasomaji wake wenye kazi za kompyuta waliliingiza jina lake kwa mtindo huohuo kwenye seva za intaneti, linapita kimyakimya nyuma ya kurasa. Sisi tunaowapa wajukuu majina ya babu zao tunaelewa.

Kiingereza ni cha wastani na kina sura, jambo linalosaidia sana. Kinajitosheleza, vinafuata Making Money kuhusu benki na Raising Steam kuhusu reli. Mtu aliyeanzia hapa atakutana na mtawala, Vetinari, na jiji likiwa limeshachangamka, na akirudi kwenye vitabu vya awali atauona mji huo ukiwa mbichi zaidi. Kinamfaa mfanyabiashara, wakala wa pesa, mtu wa kompyuta, na yeyote anayependa hadithi inayokwenda mbio.

VILIVYOBAKI, KWA UFUPI

Wyrd Sisters cha 1988 ni mlango mzuri wa tawi la milimani kwa mtu mmoja maalumu: aliyeisoma Makbeth ya S. S. Mushi au kuigiza tamthilia za Shakespeare shuleni. Utauona mzimu, wanawake watatu na mfalme aliyeuawa, vyote vimegeuzwa.

Desemba magari yanapopanda Moshi, watu huniomba Hogfather kwa sababu ya sikukuu. Kisubiri, kitakuwa kitamu ukishamjua Kifo kwenye Mort na mjukuu wake Susan kwenye Soul Music. Na usikubali anayekwambia uanze na Night Watch kwa kuwa ndicho bora. Huenda ni kweli ndicho bora, lakini uzito wake unatokana na miaka uliyokaa na Vimes.

UKICHAGUA KWA HALI YAKO

Kama Kiingereza kinakupa shida na unataka ushindi wa kwanza, chukua Mort, au The Wee Free Men ukiwa tayari kusoma kwa sauti. Kama unasoma barabarani, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, vile vyenye sura havitakusumbua sana: Going Postal na vya Tiffany. Dereva anayekwenda Ngorongoro mara mbili kwa wiki atafute nakala za kusikiliza (audiobook). Katika zile mpya tanbihi zimepewa sauti yake, ya mwigizaji Bill Nighy, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kama unataka kimoja tu maishani, Small Gods au Mort. Kama unajijua kwamba ukianza huachi, Guards! Guards!, na uwe na akiba ya vinavyofuata. Kama unasoma na rafiki mnayebishana, gaweneni: mmoja aanze na askari, mwingine na Kifo, mkutane mjini Ankh-Morpork baada ya mwezi. Kama umeonja The Colour of Magic ukakiacha njiani, usiuhukumu mfululizo kwa hicho. Jaribu kimoja kilichoandikwa baada ya 1987 kabla hujaamua.

Na kama meza ya mitumba ina kimoja tu na si katika hivi, tazama mwaka na jina la mhusika nyuma ya jalada, kisha kinunue. Vingi vitakubeba. Ila The Shepherd's Crown usikisome mapema hata ukipewa bure, kwani mwanzoni kabisa anafariki mtu ambaye lazima uwe umempenda kwanza.

Mpwa wangu amerudi Moshi na cha pili, A Hat Full of Sky, kwenye begi. Hicho cha mwisho nimekiweka juu ya kabati, na anajua kiko pale.